Mlikuwa Wapi Siku Zamalek Ilipovuliwa Ubingwa?

Ukimya wa hapa umekuwa mrefu. Gazeti lilinituma Kilosa kufuata habari za reli, na Kilosa ikanipa habari nyingine ambayo mhariri wangu hakuiomba. Kwa kuwa haina nafasi kule gazetini, naileta hapa kijiweni kwetu.

Habari yenyewe ni swali. Mkute Mtanzania yeyote mpenda soka aliyevuka miaka thelathini na tano, umuulize: ulikuwa wapi siku Simba ilipoitoa Zamalek? Hatakujibu kwa neno moja. Kwanza atakaa vizuri. Kisha atakuambia alikuwa amekaa na nani, nani alitoka nje kwa kushindwa kuvumilia, na jirani gani alikurupuka na taulo kiunoni akidhani kuna nyumba inaungua. Hata Yanga atakueleza, ila yeye atakueleza huku kanuna.

Nilianza kuuliza kwa kupitisha muda tu, maana bosi niliyekuwa namsubiri alikuwa "anakuja sasa hivi", na mnazijua sasa hivi za mabosi. Nikaishia kujaza daftari.

Kwa wadogo zangu ambao mwaka 2003 mlikuwa hamjazaliwa, au mlikuwa mnatambaa (mimi mwenyewe nilikuwa na miaka minne), wacha nieleze kidogo. Zamalek ya Misri ilitwaa Ligi ya Mabingwa Afrika Desemba 2002 kwa kuifunga Raja Casablanca ya Morocco. Lilikuwa taji lake la tano la ubingwa wa klabu barani. Mwaka uliofuata ikapangwa kucheza na Simba, mshindi aingie hatua ya makundi. Mechi ya kwanza Dar es Salaam, Simba ikashinda 1-0, bao la Emmanuel Gabriel. Sasa kwenda Cairo na bao moja mkononi ni sawa na kuvuka mto Mkondoa wakati wa masika umeshikilia unyasi. Na kweli, kule Zamalek ikalirudisha bao hilo, 1-0, ngoma ikawa droo. Mikwaju ya penalti.

Golini alikuwa Juma Kaseja, kijana mdogo aliyepitia Moro United, klabu ya mkoa huu wa Morogoro, kabla ya kwenda Msimbazi. Mkwaju wa mwisho akaupiga Christopher Alex. Simba 3, Zamalek 2. Bingwa mtetezi akavuliwa ubingwa nyumbani kwake, na timu iliyokuwa inafundishwa na Mkenya, James Siang'a. Siang'a alifariki mwaka 2016, na Christopher Alex alikuwa amemtangulia mwaka mmoja kabla.

Ili muelewe kwa nini wazee huzungumzia mechi hii kama muujiza, rudini nyuma zaidi. Mwaka 1974 Simba ilifika nusu fainali ya Klabu Bingwa Afrika, ikakutana na Mehalla, nayo ya Misri. Ikashinda Dar, ikafungwa Misri, wakaenda kwenye penalti. Ikatolewa. Kwa hiyo mtu mzima aliyekuwa anafuatilia mwaka 2003 alikuwa ameshaijua hadithi hii mpaka mwisho wake. Ushindi mwembamba nyumbani, kipigo chembamba ugenini, penalti, kilio. Safari hii mtu alibadilisha ukurasa wa mwisho.

Kila taifa lina mechi yake ya namna hii. Wamarekani wana ya mpira wa magongo wa kwenye barafu, Olimpiki ya Lake Placid, Februari 22, 1980, vijana wao wengi wakiwa wanafunzi wa vyuo vikuu walipoifunga Urusi ya Kisovieti 4-3. Kinachonichekesha ni kwamba mechi ile ilichezwa jioni, na televisheni ya Marekani ikairusha saa kadhaa baadaye usiku, ikiwa imeshaisha. Lakini hadi leo wapo Wamarekani wengi watakaokuapia kwamba waliitazama moja kwa moja, sekunde kwa sekunde. Nilipolisoma hilo nikatabasamu, nikasema hawa wangeletwa Kilosa wangekuta ndugu zao.

Maana nilichokikuta Kilosa ni hiki.

Fundi baiskeli wa karibu na stesheni ya zamani aliniambia walikuwa kumi na wawili kwenye redio moja. "Betri zilikuwa zimechoka," akasema. "Tukazianika juani tangu asubuhi kama dagaa. Mchana kutwa tunazigeuza. Zikatufikisha mpaka penalti ya tatu, sauti ikawa kama ya mbu. Ikabidi mmoja aweke sikio kwenye spika na kututangazia. Yule ndiye mtangazaji bora niliyewahi kumsikia maishani mwangu, maana alikuwa na kigugumizi. Kila penalti ilichukua dakika nzima kutoka mdomoni mwake."

Mama mmoja aliyekuwa anauza chapati na chai ng'ambo ya reli hakuwa na habari na mpira. Anachokumbuka ni mlipuko wa kelele, kisha wanaume wakamiminika barabarani, wakanunua chapati zote, na hakuna aliyedai chenji. "Mpaka leo huyo Zamalek simjui," akaniambia, "lakini popote alipo Mungu ampe afya."

Mwalimu mstaafu, Yanga damu, alilala mapema siku hiyo baada ya kuiombea Zamalek. Anasema alijua matokeo kwa kusikia kelele zikipita mtaa hadi mtaa, zikija upande wake kama mvua inavyokuja juu ya mabati: kwanza unaisikia mbali, halafu nyumba ya jirani, halafu kwako. Akavuta shuka kichwani. "Na kesho yake darasani," akasema, "watoto walikuwa hawafundishiki."

Tamu kabisa. Lakini mimi ni mwandishi wa habari, nimefundishwa chuoni na nimekaripiwa chumba cha habari kwamba kila kitu kihakikiwe. Basi jioni nikakaa gesti na daftari langu nikijaribu kupanga mambo. Ilikuwa saa ngapi? Mmoja anasema mara baada ya magharibi, mwingine anasema usiku wa manane, watoto wameshalala. Kaseja alipangua penalti ngapi? Hapo inategemea unamuuliza nani, na ameshakunywa ngapi. Kuna mzee mmoja kwa hesabu zake Kaseja alipangua sita, maana yake Zamalek walipiga penalti mpaka wakachoka. Nani alipiga ile ya mwisho? Wengi wanasema Christopher Alex, na ndiyo sahihi, lakini wawili waliapa kwa majina mengine, mmoja wao akimtaja mchezaji aliyekuwa Yanga.

Nikataka kulifunga daftari. Ndipo nikaona jambo ambalo sikulitegemea. Katika yale yote yanayoweza kuhakikiwa, kumbukumbu zao zinagongana kama daladala za kugombea abiria. Lakini kila mtu, bila kusita hata mara moja, aliniambia alikuwa amekaa na nani. Fundi baiskeli alinitajia wote kumi na wawili kwa majina, na mahali kila mmoja alipokaa: huyu kwenye ndoo, huyu juu ya tairi, huyu mlangoni. Kisha akawapitia tena, taratibu. Huyu yupo Dodoma. Huyu yupo, anaumwa miguu. Huyu tulimzika. Huyu tulimzika. Mwenye kigugumizi tulimzika mwaka juzi. Wamebaki watano.

Asubuhi yake nikaenda Mikumi, na hapa naomba mnisikilize vizuri.

Ukitoka Kilosa kwenda Mikumi unapita kijiji kinachoitwa Ulaya, kwa hiyo mimi nami nimeshafika Ulaya, tena bila viza, ndani ya gari dogo la abiria, kuku wa mtu yuko miguuni. Mikumi yenyewe mnaijua, ule mji wa barabara kuu ya Iringa, malori yamepanga foleni, tembo nao wana hifadhi yao jirani. Kule nako niliuliza swali langu. Kama Kilosa wote walisikia, basi Mikumi wote waliona! Dereva mmoja mstaafu alinieleza mpaka rangi ya glovu za Kaseja, kwamba yeye aliitazama mechi kwenye luninga ya baa fulani. Mwenzake akamkatiza: "Luninga ipi? Ile ilikufa tangu Kombe la Dunia la Korea na Japani!" Wakabishana robo saa, nikalipia soda, nikaondoka kabla hawajaamua.

Nilikuwa naelekea kwa baba mdogo. Ana gereji ndogo ya kuziba pancha kandokando ya barabara. Nimekuwa nikimtembelea tangu utoto, na kila mara tumeongea mpira, lakini kwa utani wa kawaida wa Simba na Yanga. Yeye ni Yanga. Marehemu baba yangu alikuwa Simba. Baba alifariki nikiwa darasa la sita, na kama mnavyojua watoto wa darasa la sita, nilikuwa sijamuuliza chochote cha maana. Nilijua kazi yake ilikuwa relini, nilijua anapenda wali wa maharage, nilijua kukohoa kwake. Basi.

"Shikamoo baba mdogo."

"Marahaba mwanangu. Umekuja na gari la gazeti au umekuja na miguu yako?"

Tukacheka, nikakaa kwenye rimu la lori, nikamuuliza kama nilivyowauliza wengine. Ulikuwa wapi siku ya Zamalek? Akaendelea kusugua mpira wa tairi na msasa. Akasugua mpaka nikadhani hakunisikia.

"Nilikuwa kwenu," akasema.

Nikamwambia haiwezekani, mama huniambia miaka ile nyinyi wawili mlikuwa hamsemezani. Akasema ndiyo. Walikuwa wamegombana kwa ajili ya shamba la babu kule Tindiga. Baba alitaka sehemu iuzwe, yeye hakutaka. Maneno yakatoka yale ambayo ndugu hawaambiani. Mwaka mzima wakawa wanapishana pale Kilosa kama watu wasiojuana, na nyumba zao zinatazamana.

Halafu akaniambia jambo ambalo mama hajawahi kulisema. Juni 24, 2002 ilitokea ile ajali ya Igandu, Dodoma. Treni ya abiria ilirudi nyuma yenyewe kwa kasi, ikagongana na ya mizigo. Watu 281 walikufa. Baba alikuwa miongoni mwa watu wa reli waliopelekwa kule kusaidia. "Aliporudi alikuwa mtu mwingine," baba mdogo akasema. "Hakuwa anapiga kelele, hakuwa anakunywa. Alinyamaza tu. Na mimi badala ya kwenda kumwona nikasema moyoni, ananinunia kwa sababu ya shamba. Tukaendelea hivyo."

Siku ya mechi, redio ya baba ilikuwa haina betri. Baba mdogo alikuwa na redio nzuri na betri mpya. Alijua kaka yake hana, maana aliona mtoto ametumwa dukani akarudi mikono mitupu. Duka lilikuwa limeishiwa. Watu wote wa mtaa walikuwa wamezinunua.

"Nikabeba redio yangu nikavuka barabara," akasema. "Usidhani nilikwenda kupatana. Nilikwenda kumcheka. Nilikuwa na uhakika Simba wanakufa nne, nikasema acha nimpelekee kifo chake mlangoni."

Akaiweka redio juu ya kigoda katikati yao. Hawakusalimiana. Zamalek walipofunga, baba mdogo alipiga makofi. Baba hakusema kitu. Dakika tisini zikaisha hivyo, wawili wamekaa barazani, katikati yao Mwarabu na Msimbazi. Zikaja penalti.

"Sasa mwanangu," akasema, na hapo akauweka msasa chini. "Mimi ni Yanga. Nilizaliwa Yanga, nitazikwa Yanga. Lakini Kaseja alipopangua ile ya kwanza nilimtazama kaka yangu, nikaona amefumba macho na anatetemeka midomo. Anaomba. Nikajikuta nami naomba. Sikuiombea Simba, uandike hivyo! Nilimwombea yeye. Nikasema Mola, mpe huyu mtu hii moja tu."

Christopher Alex akapiga. Ikaingia. Baba mdogo anasema baba alitoa sauti ambayo hakuwa ameisikia tangu wakiwa watoto wanaogelea mtoni, akamkumbatia, akamwinua juu, wote wawili wakaanguka pamoja na kigoda na redio. Na mimi nikaamka ndani nikaangua kilio. Walipotulia ndipo wakakumbuka kwamba wamegombana. Wakabaki wamekaa chini, wanatazamana. Mama akatoka na sahani ya ugali na mboga iliyobaki, akaiweka katikati, akaingia ndani bila kusema neno.

"Tukala," baba mdogo akasema. "Basi."

Shamba liligawanywa mwaka ule ule. Mwembe wa babu ndio mpaka. Mchele niliokula chuo kikuu miaka mitatu ulitoka upande wetu wa ule mwembe, na msimu mmoja mafuriko yalipolimaliza eneo letu, ulitoka upande wake. Sikuwahi kujua kwamba nakula penalti ya Christopher Alex.

Wasomaji wangu, kimpira ushindi ule haukutupeleka mbali sana. Simba ilimaliza safari kwenye makundi, na timu mbili kutoka kundi lake hilohilo, Enyimba na Ismaily, ndizo zilizocheza fainali, Enyimba ikachukua kombe. Watani watakukumbusha pia kwamba Yanga ilitangulia kufika makundi mwaka 1998. Kaseja mwenyewe baadaye alivaa jezi ya Yanga, kisha akarudi. Na kwa vijana wa sasa hatua ya makundi imekuwa kama nyumbani. Aprili 2025 Simba iliitoa Al Masry ya Misri kwa penalti, tena tukaiona kwenye simu zetu, kila mkwaju ukarudiwa kutoka pande nne. Miaka ishirini ijayo hakuna atakayebishana ni nani aliyepiga ya mwisho. Itakuwepo pale pale, ukibonyeza unaiona.

Ila nimejiuliza, siku ile ya Al Masry mimi nilikaa na nani? Nilikuwa chumbani kwangu Sinza, simu mkononi, nyaya masikioni. Jirani yangu naye alikuwa chumbani kwake anatazama hiyohiyo, na nilimsikia akipiga kelele sekunde tatu kabla yangu, mtandao wake una kasi kuliko wangu. Hatukugongeana mlango. Silaumu simu, nalipwa mshahara kwa ajili ya hizo simu. Nasema tu kwamba mechi tunaihifadhi vizuri sana siku hizi, na kile kingine, kile ambacho fundi baiskeli anakihesabu kwa majina kumi na mawili, hakihifadhiwi na mtambo wowote. Kipo kichwani mwa mtu mwenye miaka sitini na kitu huko Kilosa, na watu hao hawaongezeki.

Kwa hiyo nina ombi, nalo ni dogo. Wikiendi hii mpigie baba yako, mjomba, shangazi, yeyote mwenye umri huo. Usimuulize mabao, maana atakudanganya kwa nia njema kabisa. Muulize alikuwa na nani. Halafu nyamaza umsikilize, hata akianza mbali.

Nilipomuaga baba mdogo nilimwambia nitayaandika haya. Akafikiri kidogo, akaokota msasa wake.

"Andika," akasema. "Lakini uandike kwamba zile betri zilikuwa za Yanga."